Twiga Wasajili Mwokota Mpira

Twiga alikuwa nyota wa mpira wa kikapu sekondari, na maishani mwake hakuwahi kuruka. Aliinua shingo tu, akautumbukiza mpira kikapuni kama mtu anayetia sukari kwenye chai. Ulipoanguka, rafiki yake Nguchiro aliuokota na kumrushia mdomoni.

Timu ya kulipwa ilipomsajili Twiga, Nguchiro alikwenda kumuaga.

"Hongera, ndugu yangu. Hebu inama tuagane."

"Shingo hii haikuumbwa kutazama wafupi," alijibu Twiga, akaenda zake.

Huko alikokwenda, alikuta wachezaji wote ni twiga. Mchezo ulipoanza tu, mpira uliwaponyoka ukalala sakafuni. Twiga kumi wakauzunguka, wakautazama kwa huzuni.

"Okoteni!" alifoka Kocha Kiboko.

"Kwani mwokotaji yuko wapi?" aliuliza Twiga.

Mwishowe mmoja alijitolea. Akatanua miguu, akaanza kushusha kichwa taratibu, na kabla hakijafika chini, filimbi ya mwisho ikalia. Hakuna aliyefunga.

Kesho yake, Twiga alipomtaja Nguchiro, kocha mwenyewe alimfuata, akamsajili. Nguchiro akaingia uwanjani, akaukumbatia mpira.

"Kuokota nitaokota," alisema. "Ila nitampa yule tu aliyeinama kuniamkia."

Basi hadi leo, kabla ya kila mchezo, twiga wa timu ile hujipanga mbele ya Nguchiro, wakatanua miguu na kushusha vichwa hadi sakafuni. Watazamaji wageni huwapigia makofi, wakidhani wanapasha misuli moto.