Pamba ya Masikioni

Adui alikuwa ameshafika ng'ambo ya mto, kwa hiyo hata Bi Mwanakheri, mwosha maiti wa mji, aliitwa kufundishwa bunduki ya rashasha.

Mkufunzi akampa pamba. “Ziba masikio, mama.”

Aliinusa kwanza. Haikunukia karafuu maiti kama aliyoizoea. Akajitia masikioni.

“Kitako begani. Kidole kikae nje mpaka niseme. Haya, piga!”

Risasi zikamiminika mfululizo, sanamu ya majani iliyowekwa kama shabaha ikakatika kiuno. Akaondoa kidole, akaifunga bunduki isifyatuke tena, kama alivyoelekezwa.

“Hongera, mama! Hakuna aliyeumia. Sasa toa pamba.”

“Wote niliowatia mimi, hakuna aliyeitoa.”

Nyuma yake vijana walipanga foleni wakicheka, kila mmoja akijitia pamba mwenyewe, kana kwamba wanampunguzia kazi.