Fungua Kinywa

Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, Meneja Pyo alisimama mbele ya Da-on na kumwambia, "Fungua kinywa."

Da-on alifungua. Meneja aliinama, akavuta pumzi puani, akatulia kama mpishi anayeonja mchuzi. Kinywa kikinuka tofaa lililooza, aliridhika: mwili ulikuwa unaunguza mafuta yake wenyewe, maana yake msichana hakugusa wali. Kisiponuka, alipekua kitanda hadi ndani ya foronya.

Huo ulikuwa mwezi wake wa saba katika nyumba ya wanafunzi wa kampuni moja ya muziki mjini Seoul. Wasichana wanne, ghorofa ya tatu, mlango wa kufuli la namba ambazo Meneja alizibadilisha kila Jumatatu. Da-on alikula mayai ya kuchemsha, kifua cha kuku na tofu ya maharage ya soya. Wali, tambi, viazi vitamu, matunda, vyote marufuku. Hata kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, alinyimwa, ati chumvi yake inavimbisha uso. Kisha, ili mwalimu wa dansi asikimbie ile harufu, alipewa kipande cha limau akinyonye mpaka darasani.

"Ukinipulizia tu, rangi ya kucha zangu inabanduka kama nimeipaka dawa ya kuifutia," Chae-ri alimtania. Walilala chumba kimoja. Chae-ri mwenyewe aliruhusiwa bakuli moja la wali kwa siku, na wale wengine wawili pia. Ukali wote ulikuwa wa Da-on, kwa kuwa yeye ndiye aliyetazamiwa kusimama katikati ya jukwaa.

"Hivi ulimkosea nini yule mama?" Chae-ri aliuliza.

"Sijamkosea kitu."

"Basi mwambie akulegezee kidogo."

"Mwambie wewe."

Sikukuu ya mwaka mpya wenzake walikwenda makwao. Da-on alibaki na Meneja. Chae-ri aliporudi kutoka kwao Tongyeong, mashavu yamemjaa, alimkuta kwenye kitanda kilekile.

"Supu ya mwaka mpya ulikula?"

"Nilikula mayai."

"Mayai, siku ya mwaka mpya? Kwenu hawakukuita?"

Da-on aligeukia ukutani.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho mbele ya wakurugenzi, aling'ata yai akasikia kitu kigumu. Alidhani ni ganda. Alipokitema kiganjani, kilikuwa kipande cha jino lake la mbele, na ute wa yai umetapakaa damu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuficha. La pili lilikuwa kwamba utamficha nini mtu anayekuchungulia kinywani kila alfajiri.

Meneja Pyo hakugomba. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akalitazama lile jino kwa muda mrefu.

"Vaa koti," alisema. "Na usicheke na mtu njiani."

Daktari wa meno, mama wa makamo aitwaye Noh, aliwapokea mlangoni.

"Lizibe tu, daktari," Meneja alisema. "Lisionekane kwenye kamera."

"Subiri hapo nje," daktari alimjibu, akamwingiza Da-on peke yake.

Kiti kililazwa, taa ikawashwa. "Fungua kinywa, mwanangu."

Daktari alitazama juu, akatazama chini. Mikono yake ikapunguza kasi.

"Unakula nini?"

Da-on alimweleza, pamoja na limau. Tangu aingie kwenye nyumba ile, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo bila kujua jibu.

"Sukari huli, na inaonekana. Hakuna jino hata moja lililotoboka," daktari alisema. "Mtu mzima akipunguza wali kwa kiasi, akala na mboga zake, meno huweza hata kunufaika. Wewe hujapunguza. Umenyimwa. Kinywa kimekauka, mate ya kulinda meno hayapo, halafu kila siku unayapaka limau. Limau limekula ganda la jino. Fizi nazo nikizigusa tu zinatoka damu. Siku zako unaziona?"

"Sijaziona tangu vuli."

Daktari aliweka kioo chake juu ya sinia. "Nikiziba hili, mwezi ujao litavunjika jirani yake. Ugonjwa wako haupo kinywani."

Machozi yalimtoka Da-on, na kwa vile alikuwa amelala chali, yakamtiririkia masikioni. "Meneja anasema zimebaki wiki tatu tu."

"Na baada ya wiki tatu?"

Da-on alijifuta masikio kwa kiganja.

Daktari Noh alikwenda kuufunga mlango vizuri, akarudi na kuketi karibu. Sauti yake ilishuka.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Basi hujawa mali ya kampuni. Wewe bado wa kwenu. Mzazi akisema imetosha, imetosha. Baba yuko wapi?"

"Alifariki."

"Na mama?"

"Yupo."

"Hajui hata nusu ya haya, nakuapia. Mama gani ayajue akapata usingizi? Nipe namba yake, niongee naye mwenyewe sasa hivi. Huyo Meneja wako usimwogope, ataanza na mimi."

Da-on alitaka kusema jambo, akakosa pa kulianzia. Aliitazama taa. Labda neno la mgeni lingesikika, pale ambapo la kwake lilishindwa. Mwishowe alitaja namba ya mama yake, tarakimu mojamoja, taratibu, bila kukosea.

Daktari aliibonyeza, akaweka simu sikioni, na kwa mkono wa pili akamshika msichana bega.

Nje ya mlango, kwenye benchi la kusubiria, simu ya Meneja Pyo ikaita.