Mpaka Akabidhi

Ameir alimkanyaga mzee wa watu mguu, makusudi, mlangoni mwa msikiti wa mtaa wa Lozells, huku ughaibuni. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono kwa Haidari, uso ameutia huzuni. Badala ya "pole" ikamtoka "aah!"

"Umemfanya nini mzee wa watu?" Haidari aliuliza, ameinama anafunga kamba za viatu.

"Nimeteleza. Barafu hii, bwana."

Walirudi nyumbani, mikono mifukoni, pua zikiwachuruzika.

Mama yake Haidari alifariki Unguja mwezi wa Novemba. Msikiti mzima ulijua. Muuza nyama alijua. Hata Félicien, Mkongo aliyepanga chumba cha juu, alijua. Haidari peke yake ndiye ambaye hakuambiwa. Siku ileile ya maziko, kaka yake mkubwa, Hafidh, alimpigia simu Ameir kwa kuwa ndiye anayeishi naye.

"Asiambiwe mpaka akabidhi kitabu chake," alisema. "Ami yetu alifanyiwa hivyohivyo alipokuwa akisoma Urusi, na shahada akarudi nayo."

Basi khitma ikasomwa Jumanne asubuhi, Haidari akiwa maktaba.

Kitabu chenyewe, tasnifu yake ya uzamivu, kilihusu mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Miaka minne. Disemba alisema imebaki sura moja. Januari, sura moja. Februari, sura moja. Chuo kilimwongezea muda mara mbili, kisha kikasema basi: Ijumaa hii, saa sita mchana. Ikimpita anafutwa, na viza inakwenda na jina lake.

Kila Alhamisi dada yake, Aida, alimtumia sauti ya mama, moja kati ya zile alizokuwa amezihifadhi simuni. Haidari huisikiliza amejifunika mablanketi mawili, ubavuni mwa ukuta ulioota kuvu.

"Mwanangu, kula. Usiache kula." Nyuma yake jogoo anawika.

"Mama hajambo," Haidari husema, kisha huirudia tena tangu mwanzo. Ameir hugeukia dirishani, kwenye kiza cha saa kumi za jioni. Amechoka kusema uongo. Anataka kitabu kiishe, autue mzigo huu, amkumbatie rafiki yake amwache alie.

"Professeur," Félicien alimchokoza jikoni, "ile kitabu yako itaisha siku gani? Yesu atarudia hapa duniani mbele ya wewe kuimaliza!"

Haidari alicheka. Lakini hakupanda kwenda kuandika. Aliosha vyombo vya nyumba nzima, hata sufuria zisizo zake.

Ijumaa, saa tano na nusu, Ameir aliingia chumbani bila kubisha. Haidari alikuwa amejilaza kitandani na koti lake mwilini, kompyuta iko wazi mezani.

"Umelala!" Ameir alifoka. "Watu kule kwenu wanakuombea dua kila sala, na wewe umelala! Huna haya?"

"Usipige kelele."

"Nitapiga! Nipishe niione hiyo sura yako moja."

Aliivuta kompyuta. Akashuka kurasa, akashuka tena. Sura zote saba zilikuwepo. Hitimisho lilikuwepo. Marejeo yote yalikuwa yamepangwa. Mara ya mwisho kuguswa ilikuwa tarehe tano Disemba. Ukurasa wa chuo nao ulikuwa umefunguliwa, jina limejazwa, faili limepachikwa. Kilichobaki ni kitufe kimoja.

"Haidari, imekwisha!" Sauti ilimpasuka. "Kumbe miezi hii yote ilikuwa imekwisha! Kwa nini hukuituma? Njoo ubonyeze, imebaki nusu saa!"

Haidari hakuinuka.

"Nikibonyeza, Ameir," alisema, "itabidi mniambie."