Mguu wa Kushoto wa Zamda

"Uzito wako wote umebaki mguu wa kulia, mama," alisema Kocha Mbarouk, na mikono yake ikarudi tena kiunoni mwa Zamda. "Nyanyua wa kushoto, ukanyage chini, ndipo uzungushe fimbo upige."

Damu ilikuwa inamchemka Zamda. Wanaume walifundishwa zoezi hilohilo asubuhi, nao walielekezwa kwa mdomo tu.

"Kocha, toa mikono. Nimekuelewa."

"Ukali wa nini sasa? Timu ya gofu naichagua mimi." Akazidi kusogea, mpaka kiatu chake kikajipenyeza kati ya miguu ya Zamda.

Haya, Zamda akanyanyua mguu wa kushoto. Ukashuka na hasira za msimu mzima, njumu zikatua juu ya vidole vya kocha, kiuno kikageuka chenyewe, na mpira, jamani, ukaenda mbali kuliko alivyowahi kupiga maishani.

Kocha akawa anarukaruka kwa mguu mmoja. "Timu usahau."

"Nimeshasahau."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu walisogea karibu na Zamda, fimbo begani. Zamda akaweka mpira mwingine, akanyanyua mguu wa kushoto, akauacha hewani, macho yake kwa kocha.