Amplifaya ya Kulainisha Sauti

"Usiitengeneze, Mama!"

"Toka hapo, Tunu, utapigwa na umeme!"

Siku hizi, kwa sheria, kila nyumba lazima iwe na amplifaya inayomeza sauti ya mzazi na kumtolea mtoto iliyolainishwa kwenye spika. Yetu ilinyamaza asubuhi. Fyuzi ilikuwa nzima. Waya wa spika ndio uliochomoka. Nikauchomeka.

"Njoo ule!" nikamwita.

"Karibu chakula, kipenzi," zikasema spika.

Tunu akaangua kilio. "Huyo si wewe! Wewe asubuhi umenifokea, halafu ukacheka mwenyewe."

Asubuhi ile mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anisikie kwa sauti yangu mwenyewe. Nikafunga madirisha majirani wasitusikie, nikaukata ule waya kwa plaizi.

"Kanawe mikono, mtukutu wewe!" nikafoka.

Akaenda mbio, anacheka.