Mwenye Afya

Mume wangu, Akram, alivua shati, akalala ubavu kwenye kitanda cha hospitali.

"Sindano itaingia wapi?" aliuliza.

"Kwa mgongo," nilimjibu kabla ya daktari.

Tangu niugue korona, hata kuinua sufuria tupu hunimaliza. Akram aliutangazia mji wetu wote wa Koboko: "Hii si ugonjwa. Iko uvivu tu." Asubuhi moja alinimwagia jagi la maji kitandani ili niamke nikalime.

Kisha watafiti wa hospitali ya Arua wakataka kupima maji ya uti wa mgongo, waone kama ubongo wa watu kama mimi umevimba. Kila mgonjwa aliombwa alete mtu mwenye afya wa kulinganishwa naye. Nilimtaja Akram mbele ya kaka zake. Alijipiga kifua, akakubali.

Pamba yenye dawa ilipomgusa, mgongo wote ulimsisimka.

"Bado unaweza kukataa," daktari alimkumbusha.

Akram alitazama mlango, walikosimama kaka zake, akatikisa kichwa kwamba hakatai. Kisha akaninyooshea mkono, ule ule ulioshika jagi.

"Mama, shika mkono yangu."

Nilikunja mikono kifuani.

"Siwezi," nilisema. "Iko uvivu tu."