Penseli Juu ya Mlima

Kwenye ramani, penseli ya kaka yangu ilipanda kisiwa, ikakata mlima wa volkano katikati, ikateremkia baharini upande wa pili.

"Siku ya tatu tunapita hapa," aliwaambia mume na mke waliokuja kukodi boti yetu ya matanga kwa likizo ya majira ya baridi. "Visiwa hivi napita nimefumba macho!"

Wakacheka. Mimi niliyatazama macho yake. Ukungu mweupe niliozoea kuuita uchovu ulikuwa umeyafunika.

Nahodha ni yeye. Bila yeye hatuna kazi.

"Kaka ana utani," nikasema, nikaufuta mstari, nikachora mwingine. "Watoto wangapi?"

"Wanne," mama yao akajibu. "Mdogo bado hajui kuogelea."

Nikawasogezea mkataba.